Ukungu wa Oktoba

Ndoo ya kielelezo ilifumuka saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, ndani ya chumba cha vielelezo cha kituo cha polisi, ikamwaga togwa juu ya majalada mawili ya wizi wa pikipiki. Konstebo wa zamu aliapa kwamba hakuigusa, na ni kweli hakuigusa. Kosa alilifanya jana yake jioni, alipokibana kifuniko kwa utepe mizunguko minne kama utaratibu unavyotaka, akasahau kwamba alichokuwa anakifunga kilikuwa bado kinaumuka chenyewe.

Inspekta Esteria Mapunda alichukua tambara akasaidia kufuta. Alikuwa na hasira, lakini si kwa ajili ya ndoo. Mwenye ndoo alikuwa mahabusu, na kila mtu pale kituoni alikuwa na uhakika na kesi kuliko yeye.

Bibi Kunegunda Nchimbi, mwenye miaka sitini na nane, alikuwa akiuza togwa, uji wa ulezi uliochachushwa ambao hata watoto hunywa, kwenye geti la shule ya msingi kule Matogoro tangu Esteria mwenyewe akiwa darasa la pili. Alhamisi saa nne asubuhi, mwanafunzi wa darasa la sita aitwaye Sabra alianguka darasani. Kabla hajapoteza fahamu mwalimu alimuuliza amekula nini, naye akasema jana yake, baada ya masomo, alikunywa togwa. Rafiki yake Aurelia, aliyekuwa akitapika, alisema hivyo hivyo. Kufika saa sita wazazi walikuwa wamevunja meza ya bibi, na jioni polisi walikuta chupa ya dawa ya viwavijeshi chini ya kitanda chake. Nusu yake ilikuwa imetumika.

"Shikamoo bibi," Esteria alisema bibi alipoletwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Marahaba mwanangu. Mtoto ameamka?"

"Bado."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Kisha akasikia harufu kwenye mikono ya Esteria, akaelewa. "Mlikibana kifuniko," alisema. "Togwa haifungwi. Inataka kupumua. Ningeambiwa, ningewaambia."

Esteria alimuuliza kuhusu dawa ya viwavi. Bibi akajibu kwamba ana nusu eka ya mahindi, kama kila mtu Matogoro, na dawa huiweka chini ya kitanda kwa sababu kuku hawafiki huko. Aliulizwa Jumatano aliuza ndoo ngapi. Moja, na ikaisha. Wangapi walikunywa? Hakuhesabu, labda arobaini, na walimu wawili. Wote wazima. Esteria aliandika hilo na kulipigia mstari, ingawa alijua Mkuu wa Kituo angesema sumu iliwekwa kwenye kikombe, si kwenye ndoo.

Na ndivyo alivyosema. Afande Abasi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anapigiwa simu tangu alfajiri na kila mpigaji alitaka kusikia neno moja tu. Sampuli ya togwa ilikuwa njiani kwenda maabara Mbeya, majibu yasingerudi kabla ya siku nne. Jalada lilitakiwa mahakamani saa nane mchana. "Nipe kitu kabla ya saa nane," alisema, "au bibi anapanda kizimbani leo. Na mtoto akifa, Esteria, shitaka linabadilika."

Esteria alitazama saa. Ilikuwa saa mbili na nusu. Alikuwa na woga ambao hakuupenda: kwamba anamtetea bibi kwa sababu ya vikombe alivyokunywa utotoni.

* * *

Hospitalini, Daktari Fulgence alikuwa hajalala. Alimpeleka Esteria pembeni ya kitanda na kuzungumza kwa sauti ya chini, haraka haraka.

Alikuwa amemtibu Sabra kama mtu aliyekunywa sumu ya wadudu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na polisi. Lakini mwili wa mtoto ulikuwa unamkatalia. Mtu wa sumu ile hutokwa na mate na jasho, na mboni za macho hunywea zikawa ndogo. Sabra alikuwa mkavu. Mboni zake zilikuwa zimepanuka. Alihema kwa nguvu, kama aliyetoka kukimbia.

"Harufu?" Esteria aliuliza.

"Jana kulikuwa na harufu ya kitu kilichochacha. Nikasema ni togwa iliyolala. Leo haipo." Daktari alijifuta uso. "Inspekta, sikuombi mshitakiwa. Nataka jina la kitu alichokunywa. Nikikosea dawa mchana huu, sidhani kama nitapata nafasi ya kujaribu nyingine."

Mama yake Sabra, Mwamvua, alikuwa ameketi sakafuni, kanga imefunika magoti, sweta la shule la bluu limekunjwa mapajani. Alikuwa mtu wa Nalasi, wilaya ya Tunduru, amehamia Songea miaka mitatu nyuma kuuza korosho za kukaanga. Esteria alichuchumaa karibu naye, akampa pole, kisha akamwomba amweleze Alhamisi asubuhi, tangu walipoamka.

Hakukuwa na mengi. Mtoto aliamka na kichwa kinamuuma, akakataa chai. Alisimama mlangoni akaangalia nje, akasema leo kuna ukungu mwingi, hata mlima hauonekani. Mama alikuwa ndani anakaanga korosho, hakutoka. Akamwambia avae sweta. Sabra akavaa akaenda.

"Ningemshika mkono nikamrudisha ndani," Mwamvua alisema. "Alhamdulillahi kwa kila hali, lakini ningemshika tu mkono."

Esteria aliandika: *kichwa, hakula, ukungu, sweta.* Alifunga daftari akaondoka. Baadaye alijilaumu sana kwa muda alioupoteza kuanzia hapo, maana jibu lilikuwa tayari kwenye ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe.

* * *

Aurelia, yule rafiki, alikuwa nyumbani kwao Matogoro, amekaa kwenye mkeka na mama yake ubavuni. Alikuwa amepona, au karibu amepona. Alijibu maswali akitazama vidole vya miguu.

"Mlikunywa nini Jumatano?"

"Togwa."

"Ya Bibi Kunegunda?"

"Togwa," alirudia.

"Wewe ulikunywa kiasi gani?"

"Kidogo. Nilionja. Sabra alimaliza yangu, na ya kwake akanywa yote."

"Kulikuwa na pombe yoyote? Sema kweli, hakuna atakayekuchapa."

"Hapana. Sisi hatunywi pombe." Alisema hivyo akiwa amemtazama Esteria usoni kwa mara ya kwanza, na Esteria, aliyesikiliza waongo kwa miaka kumi na saba, aliona mtoto hadanganyi.

Mama yake alidakia kwamba binti yake hajui hata harufu ya pombe ya komoni, nyumba hii ni ya watu wa kanisani. Esteria aliomba kuona mkoba wa shule wa Aurelia. Madaftari, rula, ganda la muwa. Na chini kabisa chupa tatu ndogo za plastiki, tupu, zimeoshwa, vizibo vimefungwa vizuri.

"Za nini hizi?"

"Za kukusanya," Aurelia alisema. "Zikifika tano unapewa zawadi."

Watoto hukusanya vitu. Esteria naye alikusanya vizibo vya soda zamani zile. Aliichukua moja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki kwa mazoea tu, akatoka. Saa ilikuwa inakaribia nne na nusu.

* * *

Nje, akiwa ameshika usukani bila kuwasha gari, alijiuliza nani mwingine huenda alikuwa barabarani pale Jumatano mchana akiwa na macho ya kuangalia. Akamkumbuka msichana wa mabango.

Saada alikuwa mtafiti wa afya. Miezi minne alikuwa akizunguka shule za Songea na kamera na kamba ya kupimia, akihesabu matangazo ya pombe yaliyo ndani ya mita mia tatu kutoka getini, na kuwahoji wanafunzi. Jumatatu baraza la madiwani lilikuwa likae kujadili sheria ndogo: kuyaondoa matangazo hayo, na kupiga marufuku zawadi na bahati nasibu za pombe karibu na shule. Mjini walimtania kwa kumwita Bibi Shamba wa Mabango. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Mfaranyaki, juu ya duka la vitambaa.

Alimpokea Esteria kwa uso wa mtu aliyekwisha kushindwa. Alisema picha anazo, za Jumatano pia, lakini haoni zitamsaidia nani. Utafiti wake mwenyewe ulikuwa umemgeuka. Kati ya wanafunzi mia mbili na kumi na wawili aliowahoji, tisa tu walisema wanakunywa pombe. Mwakilishi wa kampuni inayouza kinywaji kikali kiitwacho Kibuyu alizipata takwimu hizo, na sasa anazitembeza kwa kila diwani: tazameni, watoto hawanywi, mabango yana ubaya gani?

Esteria alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. Alikuwa amefungua boksi la fomu za Matogoro. Mwandiko wa Saada ulikuwa safi. *Umewahi kunywa pombe? Hapana. Ukiwa na wenzako baada ya shule mnakunywa nini? Togwa. Kipimo? Chupa moja.*

Alifunua nyingine. *Togwa. Chupa moja ndogo.* Nyingine. *Togwa, chupa mbili, tunagawana.*

"Hizi za togwa ziko ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na moja. Nimeziweka kwenye safu ya vinywaji visivyo na kilevi, pamoja na maji na juisi."

"Chupa yenye kizibo?"

"Niliandika walivyosema." Saada alichukua fomu moja akaisoma. "Huyu hapa, nilimuuliza anaibebaje. Amesema, *kwenye mkoba, imefungwa.*"

Esteria aliweka fomu chini. Akilini aliona utepe wa konstebo umechanika, na togwa ikitiririka kwenye majalada. *Togwa haifungwi. Inataka kupumua.* Mtoto gani angetembea na togwa imefungwa kwenye mkoba, katikati ya madaftari, kwenye jua la Oktoba? Ingefumuka kabla hajafika getini. Kila mtoto wa Songea anajua hivyo. Yeye alijua hivyo. Angekuwa mgeni asiyeijua togwa, angeuliza siku ya kwanza: togwa ni nini? Lakini wote, yeye, mwalimu, daktari, hata Saada, waliisikia wakaona ndoo na kikombe na bibi, wakapita.

"Nionyeshe picha za Jumatano."

Saada aligeuza kompyuta. Duka lililotazamana na geti la shule lilikuwa limepakwa rangi ukuta mzima, bure, na watu wa kampuni. Mchoro ulikuwa wa bibi kizee anayetabasamu, ameshika kibuyu kinachomwaga kinywaji kizito, rangi ya uji wa ulezi. KIBUYU. TAMU ILE ILE YA NYUMBANI. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Chupa tupu tano, pata moja bure.*

Esteria alitoa mfuko wa plastiki, akaiweka chupa ya Aurelia mezani. Lebo ilikuwa imeoshwa ikatoka, ila nusu ya uso wa bibi bado ilikuwa imeganda.

Saada aliigeuza chupa vidoleni. "Wanaiita togwa," alisema. "Mimi nimewauliza mia mbili na kumi na wawili. Wameniambia. Wameniambia mara thelathini na moja, na mimi nikawaweka pamoja na maji."

Hakukuwa na muda wa kumbembeleza. Esteria alikuwa anafikiri kwa haraka na hakupenda anakoelekea. Kinywaji kile kilikuwa na kibali, watu wazima walikunywa na kuamka. Watoto wangelewa, wangetapika, lakini kuzimia kesho yake, na harufu imekwisha? Alifungua daftari kutafuta maneno ya daktari, na badala yake akasoma neno lake mwenyewe. *Ukungu.*

Alhamisi alfajiri alikuwa ameanika nguo nyuma ya nyumba yake Lizaboni. Milima ya Matogoro ilikuwa wazi mpaka mnara wa simu. Wiki mbili hakujakuwa na ukungu Songea.

Alipiga simu hospitali akiwa anashuka ngazi.

"Daktari, mtoto hakuona ukungu. Macho yake ndiyo yaliyofanya ukungu. Nadhani amekunywa pombe kali ya chupa, na nadhani chupa hiyo imechezewa."

Fulgence akasema taratibu, "Methanoli. Spiriti ya viwandani. Inapofusha." Na papo hapo, "Una hakika?"

"Sina. Nina fomu thelathini na moja na ukungu ambao haukuwepo."

"Dawa yake ni nyingine kabisa. Nikianza na umekosea..."

"Anza," Esteria alisema, akafungua mlango wa gari. "Ndani ya saa moja nitakuletea chupa."

* * *

Mwenye duka aliitwa Jeremia, mtu mpole, mzee wa jumuiya, aliyekuwa ametoa sabuni za msaada kwa ajili ya Sabra asubuhi ile. Esteria aliwaacha makonstebo wawili nyuma ya kona. Alivua koti, akajifunga kitenge alichokuwa nacho kwenye gari, akaingia peke yake.

Rafu zilikuwa na sukari, chumvi, mafuta, biskuti. Hakukuwa na pombe hata tone.

"Habari za saa hizi, kaka. Nipe togwa," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye haraka.

Jeremia hakuinua hata macho kutoka kwenye redio aliyokuwa anaitengeneza. Mkono wake ulishuka chini ya kaunta, ukapanda na chupa ndogo yenye uso wa bibi, ukaiweka mbele yake.

Ndipo alipomtazama mteja wake, akamtambua, na rangi ikamtoka.

Hakukimbia. Makonstebo walipoingia alikaa kwenye gunia la chumvi na kuanza kueleza kabla hajaulizwa. Kampuni ilimpa rangi, fulana, na mzigo wa kwanza. Watoto walileta chupa tupu, akawapa zawadi zao, lakini wakala alichelewa kuzichukua tupu na zawadi zikamwishia. Watoto wakadai. Akaona chupa mia zimelala, safi, na vizibo vyake, akajaza baadhi mwenyewe. Kwenye stoo ya nyuma walikuta faneli, pakiti za maziwa ya unga, sukari, na dumu la lita ishirini. Dumu lilikuwa na karatasi ya fundi rangi iliyochanika nusu. Iliyobaki ilisomeka: SI YA KUNYWA.

"Niliambiwa ni spiriti tu," Jeremia alisema. "Spiriti si ndiyo pombe yenyewe?"

"Zimetoka ngapi?"

"Nane. Tangu Jumanne."

Esteria alihesabu. Aurelia, Sabra aliyekunywa yake na kumalizia ya mwenzake. Zilibaki sita. Alimwamuru konstebo mmoja aende shuleni aingie darasa kwa darasa, na alimpa swali moja tu la kuuliza, kwa maneno yale yale: nani amechukua togwa ya chupa? Asitamke neno pombe. Akitamka pombe, hakuna mkono utakaonyooka.

Mikono sita ilinyooka. Wanne walikuwa bado na chupa kwenye mikoba, hawajazifungua. Wanasubiri kutoka shule.

* * *

Saa saba na robo alimpigia Afande Abasi. Bosi alisikiliza bila kumkatiza, akauliza kama dumu limepigwa picha, kisha akasema jalada la bibi halitapanda. Kuhusu kampuni na ukuta wake, alisema hiyo si kazi ya polisi, hiyo ni ya madiwani Jumatatu. Esteria alijibu kwamba Saada ameshaanza kuzihamisha fomu thelathini na moja kutoka safu moja kwenda nyingine, na anahitaji nakala ya maelezo ya Jeremia. Abasi akavuta pumzi. "Mpe," alisema.

Hospitalini alimkuta Bibi Kunegunda kwenye benchi la nje ya wodi. Alikuwa ametoka mahabusu akaja moja kwa moja, bila kupita nyumbani, kitenge chake bado kina madoa ya togwa.

"Mtoto ameamka?" aliuliza.

"Twende tukaone, bibi."

Daktari aliwakuta mlangoni. Dawa ilikuwa imeshika, kuhema kumetulia, figo zinafanya kazi. Wanafunzi wawili zaidi walikuwa wameletwa kutoka shuleni na wote wanazungumza. Sabra alikuwa amefungua macho dakika chache zilizopita. Ataishi, alisema. Lilikuwa neno zuri na alilisema bila kutabasamu, na Esteria hakuthubutu kuuliza lililobaki.

Wodi ilitazama magharibi na mapazia yalikuwa yamefunguliwa. Jua la saa nane lilijaa chumba kizima, hadi chini ya vitanda. Mwamvua alikuwa amesimama, ameshika mkono wa binti yake kwa mikono yote miwili. Alipomwona Bibi Kunegunda, ambaye yeye mwenyewe alimtukana jana mbele ya shule nzima, alisogea kidogo kumpa nafasi.

Sabra aligeuza uso kuelekea dirishani. Aliangalia mwanga ule kwa muda, bila kupepesa.

"Mama," alisema, "leo ukungu umezidi."

Mwamvua alimtazama daktari, daktari akatazama sakafu. Kisha mama akainama, akalichukua lile sweta la bluu lililokuwa kwenye kiti, akamvisha mwanawe, mkono mmoja baada ya mwingine, kwenye joto lile lote.